Mbele Azabu Haijapimwa, Nani Amesikilizwa?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama, ku mkutano wetu wa Baraka, na mtumishi wa shirika moja la haki za watu. Tumeyaweka hapa karibu yote, sawa yalivyosemwa.)



Mara ya mwisho nilikuja kuwaelezea sheria ya tarehe 15 Julai 2022, ile ya kulinda haki za ndugu zetu Batwa, wenye sheria inawaita wenyeji wa asili. Mlinisikiliza vizuri, lakini maulizo ya mwisho hayakuwa juu ya sheria ile. Mama mmoja aliuliza: kijana wetu akikamatwa, akikubali kosa lake, akipelekwa Uvira, sisi wenye tunamjua tunaweza kusema neno mbele mwamuzi hajatoa miaka? Mzee mwingine akaongezea: na Mutwa je, nani atamsemea?

Jibu ni refu kidogo, na litatupitisha mbali, Australia na Canada, kwa sababu kule wenyeji wa asili walishindana miaka mingi juu ya ulizo hilo hilo. Kisha tutarudi hapa kwetu.

Kwanza tutenganishe mambo. Ku tribinali kuna maulizo mawili. La kwanza: huyu mutu alitenda, ao hakutenda? La pili: kama alitenda, apewe azabu gani? Ulizo la kwanza ni la ushuhuda na la sheria, na pale mimi sitaki mzee wa mtaa aingilie, hata akiwa mzee wangu. Jirani mwenye anamchukia mshitakiwa atasema alitenda, shangazi wake atasema hakutenda. Tuwaachie waamuzi. Ulizo la pili ni lingine kabisa. Kusudi upime azabu unahitaji kumjua mutu: nani alimlea, nini kilimvunja, nani atamshika mkono siku atatoka. Vitu hivi haviko ndani ya dosie. Dosie ya OPJ iko na jina, tarehe ya kuzaliwa (mara nyingi ya kukisia, zaidi kwa wenye walizaliwa mu kambi), kosa, na sahihi ao kidole.

Na huku kwetu maulizo yale mawili yanasikilizwa pamoja, mara nyingi siku moja. Mwamuzi anauliza, prokirere anaomba miaka, avoka anajibu kama yuko, kisha waamuzi wanaenda kushauriana. Siku ya kurudi, hukumu inasomwa kwa Kifaransa. Familia iko inje ya dirisha inaulizana: amesema ngapi?

Twende sasa Australia. Wenyeji wa asili wa inchi ile, Waaborijini, walianza kunyanganywa udongo wao na Waingereza ku 1788. Watoto wengi walitolewa kwa wazazi kwa nguvu ya serikali. Ku mwisho wa miaka ya 1980 vifo vya Waaborijini ndani ya magereza na kasho za polisi vilileta makelele mengi, mpaka serikali ikaweka tume kubwa, 1987. Tume ile ilichunguza vifo 99, na ku 1991 ikatoa mapendekezo 339. La 104 linagusa maneno yetu ya leo: ku vijiji vya Waaborijini, mwenye kupima azabu awaulize viongozi wa jamaa yao, juu ya azabu kwa jumla na juu ya mutu mmoja mmoja.

Mapendekezo mengi yalibaki ku karatasi. Ripoti tunazijua, ndugu zangu. Mimi mwenyewe kazi yangu ni kuziandika.

Mwenye alianza hakungoja sheria. Ku 1999, mu mji wa Port Adelaide, mwamuzi mmoja jina lake Chris Vass alikaa na Waaborijini wa pale, akazungumza nao juu ya kutoiamini tribinali yake. Kutoka mazungumzo yale kukazaliwa siku maalumu ya kusikiliza kesi zao, ikaitwa Nunga Court. Nunga ni jina lenye Waaborijini wa upande ule wanajiita wao wenyewe. Mwamuzi alishuka ku kiti chake cha juu, akakaa usawa na watu, na mzee wa Kiaborijini pembeni yake. Miaka 3 baadaye jimbo la Victoria likaandika sheria juu ya jambo hilo, na mwezi wa Oktoba 2002 likafungua Koori Court ya kwanza mu mji wa Shepparton, ku udongo wa Wayorta Yorta.

Hapa nitachelewa kidogo, kwa sababu namna chumba kile kinavyopangwa ndiyo somo lenyewe. Hakuna kizimba. Kuna meza moja kubwa ya mviringo. Mwamuzi anakaa pale, na wazee wawili wa Kiaborijini karibu naye, mara nyingi mama mmoja na baba mmoja. Mshitakiwa anakaa meza ile ile, na avoka wake, na mtu wa familia yake. Polisi mwenye kushitaki yuko, mtumishi wa kufuata wafungwa yuko, na kuna mtumishi wa tribinali mwenye yeye pia ni Muaborijini, kazi yake ni kuunganisha watu hawa wote. Mwenye kuumizwa na kosa anaweza kuja pia na kusema. Ukutani kuna picha za Kiaborijini, na bendera yao iko pamoja na bendera ya serikali. Wanatumia maneno ya kawaida, siyo yale ya avoka.

Kuingia mule kuko na masharti. Lazima uwe Muaborijini, ukubali kosa, na wewe mwenyewe utake kusikilizwa pale. Mwenye anakana kosa anaenda ku tribinali ya kawaida, maana meza ile haiulizi kama ulitenda. Makosa ya ubakaji na yanayofanana nayo hayapelekwi pale. Wazee nao hawatoi hukumu. Wanasema, wanauliza, wanagombeza, wanashauri, kisha mwamuzi peke yake anapima azabu kwa sheria ile ile ya inchi. Anaweza kumpeleka gereza mtu yule pale pale, mbele ya wazee, na inafanyika.

Mtu anaweza kusema: sasa faida iko wapi, kama zuzi ni yule yule na kitabu cha sheria ni kile kile?

Faida ya kwanza iko ndani ya kijana mwenyewe. Mbele ya mwamuzi mgeni kijana anaangalia chini, anajibu ndiyo kwa kila ulizo kusudi imalizike haraka. Avoka anasema kwa nafasi yake. Anaweza kupita tribinali mara kumi bila kufungua kinywa. Lakini mzee mwenye alimjua nyanya yake akimuuliza, mama yako analala namna gani tangu ulikamatwa, pale avoka hawezi kumjibia. Wengi wenye walipita pale walisema meza ile ni ngumu kuliko tribinali ya kawaida. Nyinyi mlikaa ku lubunga mnajua jambo hilo bila kuelezwa. Mutu anaweza kulipa mbuzi bila kuona haya. Kusimama mbele ya wajomba ndiyo inamtoa jasho.

Faida ya pili ni ya mwamuzi. Anajua sasa vitu vyenye dosie haikumwambia: kwamba kijana alianza kunywa siku walizika ndugu yake, kwamba kuna mjomba mwenye kazi yuko tayari kumchukua, kwamba ile anwani iliandikwa ku karatasi ni nyumba yenye walevi watano. Azabu inaweza kuwa kali ao nyepesi, lakini inapimwa ku mutu, siyo ku jina.

Na ya tatu ndiyo mimi ninaiweka juu. Siku atatoka, waamuzi hawatakuwa ku mlango wa gereza. Atarudi kwa wazee wale, ku barabara ile, ku kanisa lile. Mwenye atampokea ni haki asikilizwe mbele mutu hajatumwa. Sisi wenye tulirudi kutoka Lugufu na Nyarugusu tunajua kurudi ni kitu gani. Tunajua namna ya kufika mahali penye hakuna mtu alijitayarisha kukupokea.

Canada walipita njia yao. Ku 1992, mu kijiji cha Mayo, jimbo la Yukon, kaskazini kabisa, mwamuzi Barry Stuart alikuwa na kesi ya kijana mmoja mwenyeji wa asili mwenye alikwisha kuhukumiwa mara 43. Arobaini na tatu! Mwamuzi akaona kwamba kumrudisha gereza mara nyingine ni kufanya kitu kile kile chenye kilikwisha kushindwa. Akaondoa meza, akapanga viti kwa duara, akaweka mshitakiwa, familia, prokirere, polisi na watu wa jamaa yake wote usawa, akawauliza tufanye nini. Alieleza ndani ya hukumu yake namna kule kupanga viti tu kulibadilisha masemi: mu chumba cha zamani wenye sheria peke yao walisema, mu duara kila mutu alisema. Tangu pale watu wakasema juu ya duara za kupima azabu.

Kisha sheria ikafuata. Ku 1995 bunge la Canada liliandika ndani ya sheria ya makosa kwamba mwamuzi atazame kwanza azabu zote zingine zisizo gereza kama zinafaa, na akumbuke zaidi hali ya wenyeji wa asili. Ku 1999 tribinali ya juu kabisa ikaelezea maana ya maneno yale ndani ya kesi ya mama mmoja anaitwa Gladue: mwamuzi ni lazima atazame historia ya watu wale, kunyanganywa udongo, watoto kupelekwa shule za nguvu, umaskini, pombe, na vile vitu vilivyomgusa mutu huyu mwenye yuko mbele yake. Ku 2012, ku kesi ya Ipeelee, ikarudilia kwa nguvu zaidi, kwa sababu waamuzi wengi walikuwa wanafanya sawa hawakusikia. Jambo moja dogo ndani yake: mama Gladue mwenyewe hakupunguziwa kitu. Azabu yake ya miaka 3 ilibaki. Jina lake likawasaidia wengine.

Kutokana na kesi ile kukatokea ripoti zenye zinaitwa kwa jina lake. Mutu anatumwa kukaa na mshitakiwa, na mama yake, na wazee wake, na mwalimu wa zamani, anaandika maisha yake yote na maisha ya jamaa yake, na kuonyesha ku mwisho ni msaada gani uko kijijini kweli, siyo wa kuota. Karatasi ile inawekwa mbele ya mwamuzi. Nikisoma namna wanavyofanya ninaona ni kazi yetu sisi wa terene: kutembea, kuuliza, kukaa ku kiti kidogo ndani ya kiwanja, kunywa maji yenye umepewa, kuuliza tena.

Sasa sitaki muende nyumbani mukifikiri kule kila kitu ni asali. Ku jimbo la New South Wales walianza duara zao Februari 2002, mu mji wa Nowra. Ofisi ya serikali ya jimbo lile yenye kuhesabu makosa ilichunguza 2008, ikakuta kwamba wenye walipita duarani walirudilia makosa sawa tu na wengine. Ku 2020 ofisi ile ile ikachunguza tena, kwa watu wengi zaidi na miaka mingi zaidi, ikapata matokeo mengine: wenye walipita duarani walipelekwa gereza karibu nusu ya wenye walihukumiwa kwa namna ya kawaida, na wenye walirudilia kosa ndani ya mwaka mmoja walipunguka kwa karibu 4 juu ya 100. Nne siyo nyingi. Lakini kama ni mtoto wako ndani ya ile nne, utahesabu namna ingine.

Na kuna hesabu ingine yenye haifurahishi. Ku 1991 Waaborijini walikuwa karibu 14 juu ya 100 ya wafungwa wote wa Australia. Leo wanazidi 30 juu ya 100, na wao siyo hata 4 juu ya 100 ya raia wa inchi. Ni kusema, meza nzuri ya mwisho haiponyeshi vyenye viliharibika mwanzoni: polisi anamkamata nani, nani yuko na udongo, nani yuko na kazi. Wazee wawili wa Shepparton hawawezi kubeba peke yao mzigo wa miaka mia mbili.

Wamama, sasa neno hili ni lenu zaidi. Wenye walionya mapema juu ya duara walikuwa wamama. Chama cha wamama Wainuit wa Canada, Pauktuutit, kilisema wazi katika miaka ya 1990: mukileta kesi ya mwanaume mwenye kupiga bibi yake ndani ya duara, na wazee wa duara ni wajomba wake, ule bibi atasema nini? Atasema amesamehe. Atasema kwa sababu jioni atalala kijiji kile kile.

Sisi hatuna haja ya kwenda Canada kuelewa. Kuna mtu hapa hajaona kesi ya ubakaji ikimalizwa kwa mbuzi na kitenge kati ya wababa wawili, na binti mwenyewe hayuko hata ku mkutano? Sheria yetu ya 20 Julai 2006 inasema kesi ya namna ile haiwezi kufungwa kwa kulipa amande. Tunayasema kila mwaka na arranjema zinaendelea. Mnakumbuka vilevile Februari 2011, tribinali ya kijeshi ilikuja hapa hapa Baraka, ikahukumu kolonele mmoja na askari wake juu ya vile vilitendeka Fizi usiku wa mwaka mpya. Kolonele akapata miaka 20. Wamama walisimama wakasema, wengine wakijificha uso. Ninauliza: kama pembeni ya waamuzi wangekaa wazee wa kuombea wahukumiwa, wamama wale wangesema? Mimi ninaona hapana. Kwa hiyo kwa makosa ya ubakaji, msimamo wangu ni ule wa Victoria: meza ya wazee isiguse. Wamoja kati ya wazee wetu hawatapenda neno hilo. Tutazungumza inje.

Turudi sasa kwetu. Kuna wenye watasema: haya yote ni lubunga, sisi tulikuwa nayo, mlitunyanganya. Ni kweli na siyo kweli. Tribinali za kimila zilipoteza nguvu ya kuhukumu makosa, na sheria ya 11 Aprili 2013 juu ya tribinali inaziondoa pole pole, kila mahali tribinali ya amani inafika. Chifu mwenye anafunga mtu leo juu ya wizi ni yeye mwenyewe yuko ndani ya kosa. Kwa hiyo siongei juu ya kurudisha kasho ya sheferi. Hapana. Ninaongea juu ya sauti ndani ya tribinali ya serikali.

Na sauti ile, iko na kiti? Kidogo. Wakati tribinali ya amani inatumia mila, sheria inataka waamuzi wakae na wanotable wenye wanajua mila ile. Ni kiti kizuri, lakini ni kwa mambo ya mila, sawa ndoa na uriti. Kwa kupima azabu ya mwizi hakuna kiti kile. Kuna milango mingine. Kitabu cha makosa kinaruhusu mwamuzi kupunguza azabu kama kuna sababu za kupunguza, na anapozikubali ni lazima aziandike ndani ya hukumu. Sababu zile mwamuzi atazijua namna gani kama hakuna mtu anamletea? Avoka anaweza kuomba tribinali imsikilize mtu kwa kutoa habari tu, bila kiapo. Ku palé wanamwita rensenya. Mzee anaweza kuwa mtu yule. Mchungaji anaweza. Mama mwenye kuuza samaki mwenye alimlea mtoto miaka 10 anaweza. Na kwa mtoto mwenye hajafika miaka 18, sheria ya 10 Januari 2009 ilikwisha kuweka jambo la uchunguzi wa maisha yake: asistanti sosiale aende nyumbani, aulize. Ile ni ndugu wa ripoti ya Gladue, iko ndani ya sheria yetu, na familia nyingi hazijui hata kuiomba.

Sasa Batwa. Mnajua historia ya Kahuzi-Biega: parke ya nyama iliundwa 1970, ikapanuliwa 1975, na Batwa wakaondolewa ndani ya pori lao. Ku Oktoba 2018 wamoja wakarudi porini, na ugomvi na walinzi ukaleta vifo pande zote mbili. Ku Februari 2020 tribinali ya kijeshi ya Bukavu ikahukumu Batwa 8, ku kesi ya siku moja: wanaume 6 miaka 15, wanawake 2 mwaka mmoja. Sisemi hapa kama walitenda ao hawakutenda. Nilisema mwanzoni ulizo lile siyo la wazee. Ninatazama ile miaka 15. Kupima miaka 15 kwa watu wa historia ile kunahitaji mtu wa kueleza pori ni nini kwao, na siku moja haitoshi hata kwa kutafsiri. Na kati ya wale wahukumiwa alikuwa chifu wao. Ni kusema mzee mwenye angefaa kukaa pembeni ya mwamuzi alikuwa ku kiti cha mshitakiwa.

Sheria ya 2022 inasema juu ya Batwa kufikia justisi kwa wepesi. Haikuweka meza ya mviringo. Lakini imefungua mlango wenye avoka anaweza kuusukuma.

Na hapa ninafika ku ulizo la yule mzee: nani atamsemea Mutwa? Nitajibu na mtanivumilia. Siyo sisi. Ninajua chama chetu kiko na moyo mzuri, na mara nyingi Mutwa akikamatwa ni jirani Mubembe ao Muluba mwenye anaenda ku polisi kusema kwa jina lake. Asante kwake. Lakini kusema kwa jina lake kumekuwa desturi mpaka yeye mwenyewe haulizwi. Sisi ni wenye tunawaajiri ku mashamba kwa chupa ya pombe na kikapo cha mihogo, na kesi zingine zenye zinawapeleka ku kasho zimeanzia ku mashamba yale yale. Kule Victoria hawakuchukua wazungu wazuri kukaa pembeni ya mwamuzi. Walichukua wazee wenye Waaborijini wenyewe wanawaita wazee. Kwa Mutwa ni vile vile: mzee wake ni mwenye Batwa wanamwita mzee, hata kama hajui Kifaransa, hata kama hana viatu vya kuingia ku palé. Kazi yetu inaweza kuwa kulipa moto yake na kumtafutia mtafsiri, kisha kunyamaza.

Kwa sisi wenyewe wa kurudi, ulizo la nani ni mzee siyo rahisi pia. Kijana mwenye alizaliwa Nyarugusu, akarudi hapa na miaka 17, mzee wa kijiji cha baba yake hamjui hata sura. Mwenye anamjua ni mama wa nyumba ya jirani kule kambini, mwenye leo anakaa Mboko ao Kalemie ao hajarudi bado. Ule ndiyo wa kutafuta. Msimlete chifu kwa sababu ya kofia yake. Na jambo la feza tuliseme bila haya: Victoria inawalipa wazee siku zao za kazi. Hapa mzee atatoka Baraka mpaka Uvira na moto ya nani? Atakula nini kama kesi imesogezwa mbele, na mnajua zinasogezwa? Mzee mwenye anaenda kwa feza ya familia ya mshitakiwa ameshanunuliwa mbele hajafungua kinywa, hata kama ni mtu wa ukweli. Kwa hiyo nilimuomba prezida kwamba feza ya safari ile itoke ku kasha ya chama, kidogo kidogo, na iandikwe ku kitabu. Kamati italizungumza mwezi wenye unakuja.

Wakati tunangoja, kuna yenye tunaweza kufanya kwa kalamu. Mutu akikamatwa, katiba inasema polisi haiwezi kumshika zaidi ya masaa 48 bila kumfikisha mbele ya parke. Ndani ya siku zile mbili watu wanakimbia kutafuta feza. Ninaomba mmoja abaki nyuma na daftari. Aandike nani alimlea mtu huyu na wapi. Aandike miaka ya kambi, shule, vifo vya nyumbani, ugonjwa. Aandike kama aliwahi kurudisha kitu ao kuomba samahani, na kwa nani. Aandike mwenye kuumizwa anataka nini, baada ya kumuuliza yeye mwenyewe, peke yake, siyo mbele ya wababa. Na aandike jina la mutu mmoja, wa kweli, mwenye atampokea akitoka, na nyumba gani. Msiandike kwamba ni mtoto mzuri. Kila mama anasema vile na waamuzi wamechoka kusikia. Andikeni vitu vyenye vinaweza kuhakikishwa.

Karatasi ya mfano nimemwachia sekretere, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Wenye wanajua kuandika na wanajua vilevile Kibembe ao luga ya Batwa waje wanione hapa mbele giza haijaingia, kwa sababu kesho asubui nitakuwa njiani ya Uvira na kuna dosie mbili za watu wa huku zitasikilizwa juma hili.